Tiara ya vita ya Nagasaki: mwongozo kamili wa kuitengeneza na kuirusha bila kuangukia pua

Lalamiko ninalolipata ni lilelile kila mara. Mtu amefuata picha, amekata karatasi vizuri, tiara imepaa mita tano au sita, ikaanza kuzunguka kama pia, kisha ikageuza pua chini na kuchimba ardhi. Anaifunga mkia, inatulia, lakini sasa imekuwa tiara ya kawaida isiyoweza kupigana na tiara nyingine, uzi kwa uzi. Wengine wametengeneza tatu, nne, zote zikaishia hivyohivyo, wakakata tamaa.

Kuzunguka kule si ugonjwa, ndiyo kazi yake. Tiara hii haina mkia kwa makusudi, na imeundwa izunguke uzi unapolegea na inyooke uzi unapovutwa. Anayeirusha anachagua lini. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili zenye uzito sawa: kuiunda ili pande zake zilingane, na kuufundisha mkono. Ukiruka mojawapo utarudi kwenye lalamiko lile.

Mjini Nagasaki, Japani, tiara hii huitwa Hata. Kwingineko nchini humo tiara ni *tako*. Hata ni neno la Nagasaki, na kwa sikio la Mjapani linasikika kama neno la bendera. Nitaliandika kwa herufi kubwa lisichanganyike na “hata” yetu.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujaanza. Ukisimama katikati ya kazi kutafuta uzi, gundi hukauka na karatasi hujikunja.

- Mwanzi mmoja mkavu, wenye kuta nene na pingili ndefu. Mbichi haufai: ukikauka unapinda upande wake mwenyewe.
- Karatasi laini ya tishu, ile ya kufungia zawadi, kipande cha sm 44 kwa 44. Wajapani hutumia *washi*, karatasi ya nyuzi ndefu za mti, nyepesi na ngumu kuchanika. Gazeti lina uzito zaidi ya mara mbili ya tishu, liache.
- Uzi mwembamba wa kushonea kwa ajili ya kingo.
- Uzi imara wa pamba wa kurushia, mita 100 hadi 150. Usichukue mshipi wa kuvulia samaki, sababu nitaieleza mbele.
- Uji mzito wa wanga wa muhogo au unga wa ngano, na gundi nyeupe ya mbao kidogo.
- Kisu kikali, msasa laini, rula, penseli, mkasi, sindano, selotepu.
- Kapu pana au ndoo ya kuwekea uzi.
- Plasta ya kidonda, ya kufunga kidole cha shahada kabla ya kurusha. Uzi unaokimbia huunguza ngozi.

Vipimo nitakavyotoa ni vya tiara ya kujifunzia. Ikikamilika isizidi gramu 20 hivi. Kama una mizani ya jikoni, itumie.

## Hatua ya 1: Chana fito mbili

Chana mwanzi upate fito mbili: uti, unaosimama kutoka pua (ncha ya juu) hadi ncha ya chini, wa sm 60, na upinde, unaoukingama uti na kubeba mabawa, wa sm 70.

Weka kisu kwenye ncha, gonga taratibu, uache mwanzi ujipasue kwa kufuata nyuzi zake. Ukilazimisha kisu kikate, ufito utakuwa na sehemu nyembamba usizoziona, na hapo ndipo utakapovunjika.

Kwangua upande wa ndani tu. Ganda la nje, lile linalong'aa, ndilo lenye nguvu. Ukiliondoa unabaki na kijiti cha kuwashia moto. Uti uwe na unene wa mm 3 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho. Upinde uwe mm 3 katikati, kisha uupunguze polepole kuelekea ncha zote mbili hadi ufikie mm 2.

Chagua kipande ambacho kifundo cha mwanzi kinaangukia katikati kabisa ya upinde, au hakipo kabisa. Kifundo ni kigumu kuliko pingili. Kikikaa upande mmoja, bawa hilo halitajikunja sawa na mwenzake, na tiara itakuwa na upande inaoupenda.

Nimewahi kuulizwa kama chelewa za mnazi zinafaa, zile tulizotumia utotoni. Kwa tiara ya mkia, sawa. Kwa upinde wa Hata hapana, kwa sababu chelewa ni nene upande mmoja na nyembamba mwingine, na hapa tunatafuta ulinganifu.

## Hatua ya 2: Pima upinde kabla ya kuufunga

Hapa ndipo tiara nyingi hufia, na ndipo watu hupita haraka kuliko mahali pengine popote.

Kwanza usawazishe upinde juu ya ukingo wa kisu, katikati yake. Upande unaoshuka ni mzito; ukwangue kidogo kwa msasa, upime tena.

Kisha uukunje. Shika ncha mbili, zisogeze hadi zibaki sm 59 kati yake, na ulaze juu ya karatasi kubwa. Chora umbo lake kwa penseli. Sasa ugeuze, ncha ya kushoto ije kulia, uulaze juu ya mchoro uleule.

Mistari miwili ikiachana, kuna upande mgumu: ule usiojikunja vya kutosha. Kwangua hapo tu, mara tano au sita kwa msasa, uchore upya. Mimi huchukua nusu saa kwenye hatua hii, na sijawahi kuijutia.

Utajua umefaulu ukiugeuza mara mbili na mstari ukabaki mmoja.

## Hatua ya 3: Funga fremu

Kata uti ubaki sm 59.5. Upinde ubaki sm 68. Chonga kipengo kidogo kwenye kila ncha ya fito zote mbili ili uzi usiteleze.

Kutoka kwenye pua ya uti pima sm 15, weka alama. Weka katikati ya upinde hapo, ganda la nje la upinde likitazama juu kuelekea pua. Funga kwa uzi wa kushonea kwa msalaba, zungusha mara tano au sita, tia tone la gundi ya mbao. Subiri ikauke.

Sasa uzi wa kingo. Anzia kwenye pua, nenda ncha ya bawa la kulia, shuka hadi ncha ya chini ya uti, panda ncha ya kushoto, rudi puani. Kila upande uwe sm 42. Uzi huu ndio unaoshikilia upinde ubaki umekunjwa, kwa hiyo funga fundo kwenye kila ncha. Usizungushe tu na kupita.

Pima tena pande zote nne. Tofauti ya mm 2 inavumilika. Tofauti ya mm 5 ni tiara itakayokwenda kushoto maisha yake yote.

## Hatua ya 4: Bandika karatasi

Tandaza karatasi mezani, laza fremu juu yake, ubaki sm 1 kila upande. Kata pembe ndogo kwenye kila kona ili zisilundikane.

Paka uji wa wanga kwenye ukingo, mwembamba kabisa, ukunje juu ya uzi, ubonyeze kwa kidole kikavu. Uji mwingi hulowesha tishu, ikikauka hujivuta na kuipindisha fremu yote.

Uti bandika urefu wake wote kwa vipande vya karatasi. Upinde usiubandike. Ushike kwenye ncha mbili tu na pale unapokutana na uti. Mabawa lazima yaweze kujikunja nyuma upepo unapoyasukuma na kurudi bapa upepo unapopungua. Ukiugandisha upinde kwenye karatasi, umeondoa usukani wa tiara.

Iache ikauke kivulini, juu yake kitu bapa chepesi. Juani itakunjamana.

Ukitaka ifanane na za Nagasaki, usiichore kwa rangi. Mafundi wa kule huunganisha vipande vya karatasi nyekundu, nyeupe, buluu na nyeusi, maumbo makubwa yanayosomeka kutoka mbali: mistari, misalaba, mawimbi. Unganisha vipande kabla ya kubandika kwenye fremu, na pande mbili ziwe na uzito sawa.

## Hatua ya 5: Hatamu

Hatamu ni uzi unaounganisha tiara na uzi wa kurushia, na kwa kweli inafanya kazi ileile ya hatamu ya farasi.

Toboa kwa sindano matundu mawili kando ya msalaba wa uti na upinde, na mengine mawili kando ya uti, sm 42 kutoka puani. Tia kipande cha selotepu kwanza ili karatasi isichanike. Hatamu inatokea upande wa karatasi, yaani upande utakaokutazama. Fito zinabaki mgongoni.

Funga uzi wa juu kwenye msalaba na wa chini kwenye uti, kupitia matundu ya chini. Kutoka msalabani hadi kwenye kitanzi cha kuunganishia iwe sm 35. Kutoka kitanzini hadi matundu ya chini iwe sm 38. Uzi wa chini ni mrefu kwa sm 3, na sm hizo tatu ndizo zinazoamua tabia ya tiara yako:

- Inazunguka kwa kasi kuliko unavyoweza kuifuata? Sogeza kitanzi juu, kuelekea pua, kwa mm 5.
- Imetulia, haitaki kugeuka hata ukilegeza? Sogeza kitanzi chini kwa mm 5.

Milimita tano tu. Watu husogeza sm 2 kwa hasira, tabia ikabadilika kabisa, wasijue walikotoka. Weka alama ya kalamu mahali pa mwanzo ili uweze kurudi.

## Hatua ya 6: Jaribio la chumbani

Ininginize kwa kitanzi, karatasi ikitazama juu. Mabawa mawili yawe usawa mmoja. Bawa likishuka, bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ncha ya bawa jingine, ongeza kidogokidogo. Hata za Nagasaki mara nyingi huwa na vishungi vya karatasi kwenye ncha za mabawa.

Kisha shika mabawa kwa mikono miwili, uyakunje nyuma taratibu, uyaachie. Fanya mara tatu. Yakirudi sawasawa, umemaliza kazi ya mikono.

## Hatua ya 7: Uwanja na upepo

Wanagasaki hurusha majira ya machipuko, hasa Aprili, na mahali panapojulikana ni vilimani kama Tohakkei, ambako upepo hauvunjwi na nyumba. Tafuta mahali pa namna hiyo: ufuko mpana, uwanja wa mpira ulio wazi, mgongo wa kilima. Nyuma ya nyumba na miti upepo hupinduka, na hata fundi hawezi kuusoma.

Upepo unaofaa hutikisa majani bila kusimama na kukupapasa usoni. Ukiinua vumbi na kuyumbisha matawi, rudi nyumbani; tishu haitastahimili. Walio pwani wana bahati ya upepo wa bahari wa alasiri.

Usirushe karibu na nyaya za umeme, barabara au uwanja wa ndege. Tiara ikinasa kwenye waya, iache, na umwambie mtoto aliye nawe kwamba haifuatwi. Uzi wenye unyevu unapitisha umeme. Mvua ikinukia, kunja vitu.

## Hatua ya 8: Kupaa

Simama ukiupa upepo mgongo. Mwenzako aende na tiara mita 20 mbele yako, kule upepo unakoelekea, aishike kwa mabawa, pua juu. Ukimpa ishara aiachie tu, asiitupe. Wewe vuta uzi kwa mikono, mkono baada ya mkono, uzi ukiangukia kapuni.

Usikimbie. Anayekimbia anavuta kwa mikupuo asiyoiona, macho yako mbele, na tiara iko nyuma ikifanya ipendavyo.

Lengo la kwanza ni kimo tu. Vuta mfululizo hadi ifike mita 30, usijaribu chochote kingine. Chini ya hapo huna nafasi ya kukosea.

## Hatua ya 9: Kuufundisha mkono

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo wote.

Ukivuta, upepo unasukuma mabawa nyuma, tiara inapata umbo la mashua, inakwenda moja kwa moja kule pua inakotazama. Ukilegeza, mabawa yanakuwa bapa, haina tena kinachoishikilia, inaanza kuzunguka. Basi hizo ndizo amri mbili zilizopo.

Sasa fikiria kinachotokea kwa anayeanza. Pua imegeuka chini. Anaogopa, na mtu akiogopa huvuta. Pua iko chini, kwa hiyo amri aliyoitoa ni “nenda chini, upesi.” Tiara inatii na kuchimba ardhi, naye anasema imeharibika. Haikuharibika, ilimsikiliza vizuri mno.

Pua ikiwa chini, ipe tiara uzi. Fungua vidole, piga hatua mbili mbele ukibidi. Itasita na kuanza kuzunguka. Ingoje. Pua ikipita kulia au kushoto na kupanda juu, hapo ndipo unapovuta.

Fanya zoezi hili kwa dakika 20 kabla ya kufikiria vita:

1. Tiara ikiwa mita 30 au zaidi, achia kiasi cha shubiri moja ya uzi. Itaanza kugeuka.
2. Sema kwa sauti inakotazama pua: “juu, kulia, chini, kushoto.” Usivute bado. Sema tu.
3. Ukishazoea mwendo wake, vuta kila unaposema “juu.” Hapo pekee.
4. Ukifaulu mara kumi mfululizo, vuta ukisema “kulia.” Itakata anga kama mshale kwenda kulia. Achia, ingoje izunguke, vuta kwenye “juu.”
5. Mwisho kabisa jaribu “chini,” kwa mvuto mfupi, kisha achia mara moja.

Kusema kwa sauti kunaonekana kitoto, lakini kunamzuia mtu kuvuta kabla hajaangalia. Mdomo unauchelewesha mkono kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Utajua umefaulu ukiweza kuipeleka kulia, kuirudisha kushoto, na kuishusha hadi kimo cha mnazi ukaipandisha tena bila kugusa ardhi. Wengi niliowafundisha wamefika hapo alasiri ya pili au ya tatu.

Ikiwa inazunguka kuelekea upande mmoja tu kila mara, mkono wako hauna hatia. Rudi hatua ya 2 na ya 6: bawa la upande huo ama ni zito ama upinde wake ni laini kuliko mwenzake.

## Hatua ya 10: Vita

Nagasaki hupigana kwa kukatana uzi. Sehemu ya uzi iliyo karibu na tiara hupakwa unga wa glasi kwa gundi, nayo huitwa *bidoro yoma*. Bidoro ni neno la glasi walilolitoa kwa Wareno, kama sisi tulivyochukua kwao meza na bendera. Uzi ukikatika, mshindi hupigiwa kelele ya “Yoiyaa!”

Mimi sitakufundisha kutengeneza uzi huo, na nakuomba usiutafute. Uzi wa glasi uliokatika hauanguki uwanjani, unabebwa na upepo hadi ulalie barabara. Nchini India waendesha pikipiki wamekatwa shingo na kufa kwa nyuzi za namna hiyo, na mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ikapiga marufuku nyuzi za nailoni na zilizopakwa glasi. Fikiria bodaboda zinazopita mtaani kwako. Ndiyo sababu pia nimekataa mshipi wa samaki: haukatiki kirahisi, hauonekani, na hauozi.

Kuna vita visivyo na damu, na vinadai ustadi mkubwa zaidi. Ni vya kugusana uzi, vinavyochezwa pia na warushaji wa Marekani:

- Wapiganaji wawili wanasimama mita 5 kati yao, nyuzi zikiwa na urefu sawa, mita 30 hadi 40.
- Mwamuzi anasema “juu” au “chini.” Akisema “juu,” uzi wako lazima uguse wa mwenzako kutoka juu; akisema “chini,” kutoka chini.
- Wa kwanza kugusa upande ulioitwa anapata alama. Tiara ikigusa ardhi, alama ni ya mwenzake.
- Mshindi ni wa kwanza kufikisha alama tano.

Kushambulia kutoka juu: kaa juu ya mpinzani, legeza hadi pua ielekee chini upande wake, vuta mara moja, kisha achia kabla hujampita. Kutoka chini: pita mbali naye, shuka, vuka chini ya uzi wake kwa mwendo wa kulala, halafu panda. Anayengoja kwa utulivu pembeni ya anga huwa na nafasi nzuri kuliko anayerukaruka katikati.

Mkikabana nyuzi zikajisokota, msivutane. Mmoja aachie, mwingine avute taratibu, tiara zishuke pamoja.

Baada ya kila mchezo badilishaneni nafasi, wa kushoto aende kulia, maana upepo hauwi sawa pande zote. Kabla ya kurusha tena, pitisha uzi wa mita kumi za mwanzo kati ya kidole gumba na shahada ukiwa umeulegeza. Palipo na manyoya, kata na ufunge upya, na tundu la tishu libandike kiraka kidogo, kisha ubandike kingine sawa nacho upande wa pili wa uti ili uzito usihamie upande mmoja.